Nyumba ya Mia Tatu Sitini na Moja

Zorobabel ana miaka arobaini na minne, hana mke, hana mtoto, na kwa hiyo hana jina la kuitwa kwa heshima. Hapa kwetu Butembo mtu wa umri wake huwa baba wa fulani. Mimi ni mama Elsa, jirani yangu wa kulia ni baba Ornella, hata yule mlevi wa nyuma ya soko ni baba Luc. Yeye watu wanamwita Secrétaire, kwa sababu ana kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi, ukuta kwa ukuta na kibanda changu cha ushonaji. Ukimwita hivyo anaitika bila kuinua kichwa. Miaka kumi na mitatu nimeusikia mlango wake ukifunguliwa saa moja na nusu asubuhi, na sijawahi kumsikia akimsimulia mtu habari za nyumbani kwake, maana nyumbani kwake hakuna habari.

Haya nayaandika kwa mkono, na yeye ndiye atakayeyachapa, kwa hiyo kama kuna mahali atanuna tutamwona. Ameniomba jambo moja tu, nisimpambe. Hilo halina shida. Mtu anayevaa sweta moja kutoka Januari hadi Desemba atapambwa na nini?

Ana ugonjwa mmoja, nao ni mchezo wa kompyuta. Mchezo huo una umri mkubwa kuliko Elsa wangu, na Elsa anaolewa mwaka huu. Uliingia Butembo ndani ya kompyuta kuukuu, katika kontena la mfanyabiashara mmoja aliyetoka Dubai. Ni mchezo wa kujenga mji. Unachora barabara, unachimba kisima, unaweka nyumba, watu wanahamia. Wakishahamia wanaanza kuomba: mara shule, mara soko, mara zahanati. Wakikosa, wanafunga mizigo na kuondoka. Hakuna wa kumpiga mwenzake risasi. Mara ya kwanza niliposimama nyuma ya kiti chake nikaangalia, nilimwuliza mshindi ni nani. Akasema hakuna.

Kampuni iliyoutengeneza ilifungwa zamani. Kila kompyuta mpya inayokuja duniani huukataa mchezo huo, kama mlinzi wa mlango asiyekujua. Ungekuwa umeshakufa na kusahauliwa. Lakini wako watu, labda mia mbili katika dunia nzima, ambao hawajawahi kuonana uso kwa uso, na hao hawakubali. Kompyuta mpya ikiukataa mchezo, mmoja wao anakaa chini, anatafuta pale palipokatika, anatengeneza kiraka, anakiweka kwenye tovuti yao ili yeyote akichukue bure. Nilipoelewa hivyo niliacha kumcheka, angalau kwa wiki moja. Mimi pia nina mteja anayeniletea koti la marehemu baba yake nilishone kwa mara ya sita, na simwulizi kwa nini asinunue jipya.

Mchezo ulipofika kwetu ulikuwa na nyumba za mbao zenye mabomba ya moshi, theluji, na mikokoteni ya farasi. Zorobabel na rafiki yake Gracien ndio walioufanya uwe wa kwetu. Walisoma darasa moja hapa Butembo, dawati moja, na walikuwa wamejifunza kompyuta kutoka kitabu kimoja kilichokosa jalada. Walibadilisha nyumba zikawa za bati. Theluji hawakuweza kuitoa, maana ilikuwa imeshonwa ndani kabisa, wakaipaka rangi ikawa ukungu, na ukungu tunao wa kutosha. Farasi waliwageuza kuwa pikipiki. Hapo walikosea kidogo, kwa sababu ndani ya pikipiki bado kulikuwa na farasi, na pikipiki zikawa zinasimama kando ya barabara kula majani. Gracien alipoona hivyo, alicheka mpaka nikatoka na mkasi mkononi kuangalia nani anakufa. Walizirekebisha baada ya miezi mitatu. Mimi ningeziacha.

Majina nayo waliyabadilisha. Mchezo huandika jina la mwenye nyumba juu ya kila mlango, nao walifuta majina ya Wazungu, mamia kwa mamia, wakaweka ya kwetu. Sisi Wanande mtoto hapewi jina la kubuni. Anapewa zamu yake: mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na hivyo kuendelea, na wasichana nao wana orodha yao inayoanza na Masika. Halafu padri au mchungaji anaongeza la ubatizo. Basi wakaandika majina yote ya zamu, kumi na manane, na ya ubatizo ishirini, na mchezo ukawa unayaunganisha wenyewe: Paluku Jacob, Kanyere Léa, Kambale Zacharie. Majina yao mawili hawakuyaweka. Walisema wenye mji hawapangi nyumba. Kila mmoja alijijengea nyumba moja yenye bendera juu ya paa, bila jina, na hiyo ilitosha.

Kisha baba yake Gracien akafa, na Gracien akashuka Beni kulinda shamba la kakao. Kutoka hapa hadi Beni si mbali, pikipiki nzuri inakula asubuhi moja, lakini kule kuna joto, kuna wanajeshi kila kona, na mashambani kuna wale wanaokuja na mapanga. Mji wao wa kompyuta ukaanza kusafiri. Ulikuwa mmoja, ndani ya flash moja ndogo. Wiki hii uko kwa Zorobabel, anajenga upande wake, mlimani, penye mikaratusi na ukungu. Wiki ijayo unashuka kwa Gracien, anajenga upande wake, bondeni, penye kakao. Katikati kuna mto na daraja moja. Wangeweza kuutuma kwa simu, sote tuna simu. Hawakutaka. Flash ilibebwa na Kitsa, dereva wa pikipiki anayefanya njia hiyo, ikiwa imefungwa ndani ya mfuko pamoja na viazi na poireaux, vile vitunguu vya majani marefu, vya kupeleka Beni, au ndizi na chupa ya mawese ya kuleta Butembo. Na yule asiye na mji wiki hiyo alikuwa hana la kufanya ila kungoja. Nilikuwa naijua wiki ya kungoja kwa kumsikiliza tu Zorobabel akichapa. Alikuwa anachapa barua za watu kwa hasira.

Miaka mitano waliishi hivyo. Halafu mauaji yakaongezeka upande wa Beni, na Zorobabel akaanza kumwomba rafiki yake apande. Alisafisha chumba cha nyuma cha nyumba yake. Alinunua godoro la mtu mmoja, akaliacha ndani ya nailoni lisipate vumbi. Gracien kila mara alisema ndiyo, baada ya mavuno. Kakao ina mavuno yake, na baada ya mavuno kuna kukausha, na baada ya kukausha kuna miche.

Siku moja ya Oktoba nilikuwa napiga pasi nikayasikia yote kupitia ubao wa ukuta. Zorobabel, mtu wa maneno matano kwa siku, alikuwa anapiga kelele ndani ya simu.

“Gracien, kuya huku! Chumba iko, godoro iko. Bako naua batu mu mashamba kila juma, na weye unasema récolte! Kila mwaka récolte!” Akasikiliza. Kisha akasema, “Basi ufe na kakao yako!” na akakata simu.

Nilimwambia siku hiyo hiyo kwamba maneno hayo hayasemwi. Aliniambia anajua, atampigia Jumapili. Jumapili mtandao ulikuwa umeanguka. Jumatatu alikuwa bado ana kiburi. Ijumaa ya wiki iliyofuata Gracien aliuawa shambani kwake, yeye na watu wengine wanne, asubuhi, wakivunja kakao. Barabara ilifungwa. Walimzika huko Beni, na Zorobabel siku ya maziko alikuwa hapa, amekaa mbele ya mashine ya fotokopi iliyozimwa, mikono juu ya magoti. Nilimletea chai. Ikapoa, nikaimwaga, nikaleta nyingine.

Kitsa alifika siku ya nane, tope hadi kiunoni. Hakukaa. Alitoa flash mfukoni mwa koti.

“Secrétaire, pardon. Barabara ilifungwa. Alinipatia hii siku mbili mbele ya ile mambo kufika,” akasema. “Alisema: ambia Zoro afungue tu, jibu yangu iko mule.”

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mtu alimwambia rafiki yake ufe, rafiki akatuma jibu, akafa. Zorobabel aliingiza flash mbele yangu, baada ya kukosa tundu mara mbili. Mchezo ukaanza. Kioo kikawa cheusi, na katikati kikaandika kungoja. Tulingoja. Tulingoja mpaka wateja wakaja wakaondoka. Kioo kilibaki cheusi na neno lake moja, na lilikuwa hapo hapo siku ya pili, na siku ya tatu.

Alijaribu miaka miwili. Nasema miaka miwili, si kwa kukuza. Alibadilisha kompyuta. Alijaribu viraka vyote vya zamani, kimoja kimoja, na vile vipya vilipotoka akavijaribu pia. Alifungua miji yao ya zamani, ile ya kabla ya hapo, na yote ilifunguka vizuri, pikipiki zinapita, ukungu unashuka. Ni huo wa mwisho tu uliokataa. Mchana akitoa fotokopi za vitambulisho vya watu, kompyuta ya pili nyuma yake ilikuwa inangoja na uso wake mweusi. Alikonda. Nilikuwa nikimwangalia bega lake linavyoshuka ndani ya sweta, na macho ya fundi yanajua sentimita. Nilimwonea huruma, na baadaye huruma ikachoka ikageuka hasira, nisiwafiche.

Siku moja nikaingia kwake bila kubisha hodi.

“Secrétaire, tuma ile faili kwa bale batu yenye banatengenezaka biraka.”

“Hapana, mama Elsa. Ile ni barua yangu.”

“Barua yenye hauwezi kusoma iko barua ya nani?”

Alinitazama kama nimempiga. “Na kama iko ananitukana mule? Mi nilimwambia afe. Mutu ingine aanze kuisoma mbele yangu?”

Hapo nikaelewa kwamba alikuwa na hofu mbili, ya kutokufungua na ya kufungua, na alikuwa amekaa katikati yake muda wote huo peke yake. Nikavuta kigoda. Nikamwambia kwamba mimi nilimjua Gracien kwa kicheko chake tu, na mtu wa kicheko kile hapotezi mawese yake mazuri kumfungia mtu tusi. Maana hata siku ile, pamoja na flash, Kitsa alileta chupa. Zorobabel alikuwa ameisahau kabisa. Ilikuwa bado juu ya kabati, imejaa.

Akaituma jioni hiyo kwa mtu mmoja wa tovuti ile. Hatumjui jina. Anaishi nchi ya baridi, anajiita kwa neno ambalo kwa lugha yao ni tofali, basi kwetu ni Tofali. Huyo ndiye anayeshona viraka vigumu. Alijibu baada ya siku nane, barua ndefu. Zorobabel akanisomea akitafsiri, polepole, akirudi nyuma.

Tofali alisema faili ni zima, halijaoza popote. Mchezo huu, alisema, kabla haujakuonyesha mji hupitisha kwanza siku moja gizani: watu wanakula, nyumba mpya zinakamilika, zinapewa majina. Na sheria ya mchezo ni kwamba hakuna nyumba mbili zenye jina moja. Ninyi mna majina kumi na manane mara ishirini, yaani mia tatu na sitini. Rafiki yako alikuwa amesimamisha saa ya mchezo, akaweka nyumba ya mia tatu sitini na moja, akahifadhi, akazima. Tangu siku hiyo kila unapofungua, mchezo unaitafutia nyumba hiyo jina. Unapitia orodha yote, haupati, unaanza tena. Hautachoka. Ongezeni jina moja tu.

Chini kabisa alikuwa ameandika swali kwa adabu. Alitaka kujua kama ni kweli kwamba watu wetu wote wanagawana majina kumi na manane, na kama ni kweli, tunaitanaje barabarani.

Zorobabel akacheka. Sauti ilimtoka kama ya mtu anayekohoa vumbi, lakini kilikuwa kicheko. Mimi nilicheka zaidi, kwa sababu barabara yangu ina Masika wanne na hakuna aliyewahi kupotea. Mzungu yeyote angeona kosa lile siku ya kwanza. Sisi, hata siku moja, hatukuwahi kufikiri kwamba majina yanaweza kwisha.

“Tuweke jina gani?” akaniuliza.

Hakungoja nijibu. Alifungua orodha ya ubatizo, akashuka hadi chini, baada ya Zacharie, akaandika Gracien.

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa mchana, mvua inapiga bati hata tukawa hatusikiani. Kioo kikawa cheusi. Kikaandika kungoja. Nikahesabu pumzi za Zorobabel, kumi na moja. Halafu mji ukatokea, wote, na ukungu juu ya mlima.

Alikwenda kwanza bondeni. Kakao ilikuwa pale, mistari imenyooka, nyumba ya Gracien na bendera yake ilikuwa pale, hakuna kipya. Akatafuta nyumba kwa nyumba, kidole kwenye kioo. Hakuna. Akavuka daraja. Akapanda barabara yake mwenyewe, polepole, mpaka juu kabisa, kwenye mikaratusi, ambapo nyumba yake yenye bendera ilikuwa imesimama peke yake miaka yote, kwa sababu hakupenda majirani.

Haikuwa peke yake. Pembeni yake palikuwa na nyumba mpya ya bati, mlango umeelekea mlango wake. Mbele yake palikuwa na mistari miwili mifupi ya kakao. Kakao haioti mlimani, hata mchezo unajua hivyo. Ulikuwa umeweka alama nyekundu juu ya kila mche. Gracien aliona alama hizo, akapanda hivyo hivyo.

“Alikuwa anakuya,” Zorobabel akasema. “Mama Elsa, alikuwa anakuya.”

Akalia. Sikumzuia, na sikumwambia maneno ya kanisani. Mimi pia nililia, nikijifuta kwa kipande cha kitambaa cha mteja. Baadaye tukaangalia juu ya mlango tusome jina. Mchezo huchagua kwa bahati nasibu, na bahati ilikuwa imechagua Masika Gracien.

“Ni jina ya mwanamuke,” nikasema. “Vunja, ujenge tena, mpaka ilete Kakule.” Kwa maana Gracien alikuwa mvulana wa nne.

“Hapana. Hii alijenga yeye.”

Akaiacha. Tukakaa tukiangalia mpaka mtu mdogo akatoka mlangoni, akasimama kidogo kati ya kakao zake zenye alama nyekundu, akashika njia ya kwenda kisimani.

Kesho yake alimtumia Tofali orodha yetu, ikiwa na jina moja zaidi, na Tofali akaiweka kwenye tovuti ili wanaopenda nyumba zetu za bati waichukue. Kuna siku aliandika kwamba katika mji wake, kule kwenye theluji ya kweli, Kasereka Gracien ameomba shule. Zorobabel aliichapa barua hiyo kwenye karatasi nzuri. Sijui kama inamsaidia. Nadhani inamsaidia asubuhi, na saa kumi na moja jioni akifunga mlango haimsaidii tena. Bado hana wa kungoja, na kungoja ndiko alikokuwa anakujua.

Wiki iliyopita aliingia kwangu na kitambaa cheupe chini ya kwapa. Alisema ametoa lile godoro la Gracien kwenye nailoni.

“Unishonee drap, mama Elsa. Ya mutu moya.”

Nilidhani amepata mpangaji, nikafurahi, nikamwuliza ni nani. Akasema hakuna mpangaji. Nikataka kumgombeza, kisha nikaona uso wake, nikachukua futi yangu nikapima. Nilishona pindo la shuka mara mbili, lile la kudumu, nikaipiga pasi, nikaikunja. Akaipeleka nyumbani akatandika.